Betri Isiyonguruma

Saltley, Birmingham, Jumanne, Novemba 2018

Mimi bado siiamini. Hiyo betri ya umeme wa jua imekaa chini ya ngazi, kimya kama mtu anayeficha jambo. Jenereta yetu kule Garissa ilinguruma, ukajua iko kazini.

Aliyeifunga ni Hodan, binti yangu, fundi umeme mwenye cheti. Mtaa mzima nimeuambia. Sasa umeme ukikatika nikabaki gizani, uso nitauweka wapi?

Na huku umeme haukatiki. Basi leo, Hodan akiwa kazini, nimezima swichi kuu mwenyewe. Taa zikaendelea kuwaka, na friji pia.

Jioni nimemsimulia. Akacheka. "Kumbe mama huniamini?"

"Wewe nakuamini, mwanangu. Nisiloliamini ni jua la Birmingham."