Mugeni, Kigeni, Kigen

Kiamunyi, Nakuru
10 Agosti 2025

Na jambo la pili, Baba mpendwa, ambalo nilikuwa nimefungua mdomo nikwambie ulipokata simu, ni kwamba siku ya harusi hakukunyesha hata tone. La kwanza ulilisikia: nimeolewa na Weldon Kemboi. Nilikuwa na mengine kumi na mawili, nimeyaandika kwenye kiganja kama mwanafunzi anayeingia na majibu kwenye mtihani, lakini baada ya la kwanza nikasikia tu tuu, tuu, tuu. Tangu siku hiyo nikipiga, simu haiingii. Mdogo wangu Shiru ameniambia ulimwagiza aifunge namba yangu. Ndiyo sababu naandika kwa mkono. Barua haikatwi katikati. Inaweza kuchanwa, hilo najua, ila nakuomba usiichane kabla hujafika mwisho.

Ona sasa, nimekimbilia habari na sijakusalimu. U hali gani, Baba? Goti bado linakusumbua asubuhi za baridi? Kahawa imechanua? Yule ng'ombe mweupe amezaa, au bado anawachezea akili? Mimi ni mzima kabisa, tena nimeongezeka kilo tatu. Nikitembea naimba. Mama mwenye nyumba wetu ameniuliza kama nimeokoka upya. Nikamwambia hapana, nimeolewa tu.

Acha nikwambie huyu mtu ni nani, maana hukunipa nafasi. Weldon hutengeneza breki za malori pale Salgaa. Unakumbuka nilipoanza kushona overoli za mafundi? Nilipeleka dazeni moja huko, na yeye akavaa ya kwake akalalamika kwamba mkono ni mfupi. Mkono haukuwa mfupi, Baba, nilipima kwa haki; ni yeye ana mikono mirefu kama ya mtu wa kuchuma parachichi. Nilimwambia arudishe mikono yake dukani, si overoli yangu. Alicheka mpaka akashika tairi asianguke. Wiki iliyofuata alikuja mjini na overoli ileile, akasema sasa mguu nao ni mfupi. Alikuja mara sita; ya sita akakiri overoli haina kosa, anamfuata aliyeishona. Mpaka leo akirudi jioni ananuka grisi na sabuni ya kipande, na mimi nasimama mlangoni kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani wa taifa. Najua binti hamwandikii baba yake mambo kama haya. Nisamehe. Yamenijaa mpaka hapa shingoni, na Mama, Mungu amlaze pema, ndiye ningemwambia.

Najua pia kwa nini ulikata simu. Sijasahau Kuresoi na vita vya baada ya uchaguzi. Nilikuwa na miaka minane, na nakumbuka ulivyonibeba mgongoni na Shiru kifuani, Mama akitangulia na godoro. Nakumbuka walivyopiga kelele kwamba wageni warudi kwao, na yule mtu aliyecheka akisema hata jina lenu lenyewe linasema, Mugeni, mnataka ushahidi gani mwingine? Wewe ulitueleza kwamba babu aliitwa hivyo kwa sababu siku aliyozaliwa wageni walifika nyumbani. Niliyapenda maelezo hayo. Shuleni niliyatumia kama ngao. Weldon naye alikuwa na miaka kumi, huko Olenguruone. Hajawahi hata siku moja kuniambia kwamba hajui kilichotokea. Aliniambia anajua, na kwamba kuna nyua ambazo mpaka leo akizipita hutazama upande mwingine.

Sasa sikiliza kilichonipata nilipokwenda kutafuta cheti cha ubatizo, maana Padre hafungishi ndoa bila hicho. Ofisi ya parokia yetu ina karani anayeitwa Mitchelle, msichana wa rika langu, kucha ndefu na roho nzuri. Alipanga karatasi zangu mezani moja baada ya nyingine, akaanza kucheka. Akasema dada, kwa kitambulisho uko Mugeni, kwa kadi ya kliniki uko Mogeni, kwa kipaimara uko Mugene, sasa mimi nikuandikie mgeni gani? Akanituma kwenye misheni ya zamani kule juu ya Molo, ulikobatizwa wewe, nikaone jina lilivyoandikwa kwenye kitabu chenyewe. Alisema jina la baba ndilo litakaloamua.

Weldon alifunga kazi siku nzima anipeleke. Tulimkuta mzee mmoja, Mzee Kihara, katekista mstaafu wa miaka themanini na nne, ambaye bado anazishika funguo za kabati la vitabu ingawa nasikia ameshaombwa mara tatu azirudishe. Ni mtu mfupi, amenyooka, tai yake imefungwa barabara. Kabla hajafungua kabati alinisahihisha mara mbili. Nilisema nimekuja kutafuta jina ya baba. Akasema jina la baba. Nikasema vitabu hizi; akafumba macho kama mtu aliyekanyagwa.

Basi akakitoa kitabu cha 1964, na tukakuta ubatizo wako. Petro Mwaura, mtoto wa Yohana. Na baada ya Yohana, Baba, paliandikwa Kigeni, likapigwa mstari mwekundu, na juu yake, kwa mwandiko mzuri sana, Mugeni. Nikauliza ni nani aliyelikata. Mzee Kihara akajinyoosha akasema ni yeye. Alikuwa karani kijana, ametoka tu kusomea ukatekista, na Kiswahili chake kilikuwa kinasifiwa mpaka Nakuru. Aliona kosa akalisahihisha. Akanieleza polepole, kama vile mimi ndiye niliyelikosea: kitu ndicho cha kigeni, nguo ya kigeni, chakula cha kigeni, mtu hawezi kuwa kigeni, mtu ni mgeni. Na kwa sababu nyinyi mlikuwa Wakikuyu wenzake, akaliandika Kikikuyu, Mugeni. Nikamuuliza kama alimwuliza babu. Akasema sarufi haimwulizi mtu.

Nilitaka kucheka, nilitaka kulia, sikujua nianze na kipi. Weldon alikuwa ameinama juu ya ule mstari mwekundu, kidole chake kikubwa kimefunika ile herufi ya mwisho. Akasema, Wariara, toa i. Soma sasa. Nikasoma. Kigen. Akasema wako watatu wenye jina hilo kijijini kwao, na mmoja ni mjomba wake.

Mzee Kihara alisema haiwezekani. Lakini mikono yake ilikuwa imeshaanza kutafuta kitabu kingine, maana ni mtu wa vitabu. Kwenye ndoa za 1962 tukawakuta babu na mkewe, cucu: Yohana Kigeni, kwa mwandiko wa katekista aliyemtangulia. Mzee akakiri kwamba huyo mwenzake alikuwa Mkikuyu wa Kiambu asiyeweza kuacha neno likining'inia bila irabu. Hata Daniel alimwita Danieri. Kisha kikatoka kitabu chembamba cha 1947, kimeliwa na panya pembeni, kwa mwandiko wa padre wa Kizungu. Nimenakili kila kitu. Joannes Kigen, umri kama miaka kumi na miwili. Wazazi wamefariki, watu wa ng'ombe wa upande wa Olenguruone. Analelewa na Mwaura, mkulima wa pareto, anayemwita mwanawe.

Baba, soma hapo mara mbili kama nilivyosoma mimi. Babu hakuzaliwa siku ya wageni. Alikuwa yatima wa Kikalenjin, na Mkikuyu mmoja akamchukua, akampa chakula na lugha na shamba la kulima. Na babu alipopata mtoto wake wa kwanza wa kiume, akampa jina la baba yake kama desturi inavyotaka. Akakuita Mwaura. Wewe umebeba jina la mtu aliyefungua mlango.

Weldon anasema kwao Kigen ni mtoto aliyengojewa kwa muda mrefu. Niliposikia hivyo niliketi kwenye ngazi za kanisa nikalia mpaka Mzee Kihara akaniletea maji kwenye kikombe chake mwenyewe. Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba kisarufi bado alikuwa sahihi. Nikamwambia ndiyo, mzee, ulikuwa sahihi kabisa. Akaondoka akiwa mdogo kuliko alivyokuja.

Utauliza kwa nini sikukuletea habari hizi kabla ya harusi. Nilitaka! Tukiwa njiani kurudi nilishapanga maneno yote. Nilikuona ukiisoma karatasi, ukiniambia haya basi, mlete huyo kijana. Weldon akasimamisha gari kando ya barabara. Akaniomba nisikuletee. Alisema yeye ni Kemboi wa Olenguruone, fundi wa breki, na kama mzee atamkataa, amkatae yeye, na kama atamkubali, amkubali yeye. Hataki kuingia nyumbani kwako amejificha nyuma ya yatima aliyekufa zamani. Nilinuna mpaka tukafika Kiamunyi. Usiku huo nilielewa kwamba ndicho kitu kizuri kuliko vyote alivyowahi kuniambia, kuliko hata yale ya mara ya sita na ile overoli.

Na bila karatasi ile sikuthubutu kuja kwako, maana uliapa zamani kwamba hakuna mtu wa upande ule atakayekuoa binti; ndiyo maana tulifunga ndoa bila wewe kujua. Mjomba Kinyanjui ndiye aliyenishika mkono mpaka altareni. Mama mkwe alinivika shuka begani akalia. Wifi yangu Chelangat ameshaanza kuniita Cheriara, anasema Wariara limekaa vibaya mdomoni mwake, na sote tunacheka kwa sababu sasa najua majina huanza safari zao hivyo hivyo.

Na sasa, Baba, kuna jambo ambalo limenifanya niichane barua hii mara tatu na kuianza upya. Keti kama umesimama.

Wiki mbili kabla ya harusi nilirudi kwa Mitchelle kujaza fomu. Aliniuliza mzee wako atakuja lini kusaini. Nikasema hayuko. Nilimaanisha hayuko upande wangu, hayuko katika jambo hili, sijui nilimaanisha nini. Akaniuliza, hayuko kabisa? Nilipaswa kusema yuko Subukia, ni mzima, ana kahawa na hasira. Nikanyamaza. Mitchelle akanishika mkono akasema woi, pole sana dada, akainama akaandika. Nilikuwa naisoma ile herufi ya M ikitoka kwenye kalamu yake, na sikumzuia. Kwa hiyo kwenye kitabu cha ndoa, mbele ya jina lako, pameandikwa marehemu. Mjomba Kinyanjui aliweka sahihi chini yake bila miwani.

Nilikuzika kwa kunyamaza, Baba. Siku ile nilikuwa na hasira nawe kiasi kwamba kwa dakika moja niliona heri hivyo, na hiyo dakika moja sasa iko kwenye kitabu ambacho mtoto wa mjukuu wangu atakuja kukifungua akitafuta tulikotoka. Atasoma kwamba ulikufa kabla sijaolewa. Atasikitika kwa jambo ambalo halikutokea. Mzee Kihara alikosea kwa kujua sana. Mimi nilikosea kwa makusudi. Niombe radhi vipi? Sijui njia nyingine ila kuliandika wazi kama nilivyofanya hapa. Nisamehe.

Nimemwambia Weldon. Ndiye aliyenipa ruhusa nikwambie na habari za Kigen, maana alisema mtu aliyetangazwa kufa ana haki ya kujua kila kitu. Nimemwambia na Padre. Hakunikaripia. Alisema kosa la aina hiyo halisahihishwi na mimi wala na Mitchelle. Mwenyewe lazima aje, na kitambulisho, asimame ofisini, aseme jina lake, asaini kwamba yuko. Jina lako utalitamka jinsi upendavyo. Mugeni ukitaka, ndilo ulilotulea nalo, ndilo nililoandika mimi, na silionei aibu. Kigen ukitaka, nakala ninayo. Mitchelle amesema ataandika utakavyosema na hatacheka.

Kwa hiyo tunakuja kukuchukua. Sitakuficha: nakuja pia kwa sababu nimekukosa. Harusini watu walipokuwa wakicheza nilijikuta nikitafuta kofia yako ile ya kahawia kati ya vichwa vyote, hali najua haipo.

Msalimie Shiru, umwambie nguo yake ya msimamizi nimeikunja vizuri na ni yake hata kama hakuivaa. Wasalimie majirani wote wa kilimani na Mama Wanja wa duka. Weldon anakusalimu kwa heshima. Ameniuliza mara nne kama unapenda asali, nami nimemwambia alete tu.

Tutafika Jumamosi tarehe thelathini, kabla mwezi haujaisha, mnamo saa nne asubuhi. Ukiwa bado hutaki kutuona, hatutaingia; tutakaa kwenye nyasi nje ya geti mpaka utoke kukama, kwa sababu ng'ombe hawezi kungoja hasira zako. Lakini tutakuja, Baba. Vaa kofia, uweke kitambulisho mfukoni.

Ni mimi binti yako akupendaye,
Wariara