Mraba wa Wasomali

Jumatatu, 14 Julai 2025

Wanafunzi hawakunicheka. Hata hawakuniona, na hilo ndilo linaloniuma.

Miaka kumi na moja nimefundisha historia Fomu Tatu, mimi mwalimu wa bodi ya shule, si wa serikali, cheti changu cha Fomu Nne tu. Walimu wa bara walipohama Garissa kwa hofu ya mashambulizi, nilibaki. Sasa ameletwa Silas kutoka bara na digrii yake, nami nimesukumwa kwenye dini Fomu Mbili. Alhamdulillahi, dini ni heshima. Lakini ukuta ni mwembamba! Wasichana wangu wanacheka kwake, mimi huku nasikia kila kitu.

Jumanne, 15 Julai

Nimechungulia dirishani. Amechora miraba minne sakafuni kwa chaki: Wazungu, Wahindi, Waarabu, Waafrika. Ni zile shule za ukoloni, kila rangi na yake. Wazungu watatu, vitabu tele. Waafrika ishirini, kitabu kimoja. Mimi somo hilo nilikuwa nawasomea tu waandike, wanasinzia.

Msichana mmoja, Sahro, akauliza, na Wasomali je, tusimame wapi? Silas akakuna kichwa. Hajui! Astaghfirullah, nilifurahi.

Ofisini nikajigamba. Babu yangu aliuza ng'ombe Isiolo enzi hizo, na nakala ya barua aliyomwandikia DC, mkuu wa wilaya, kuhusu shule iko sandukuni kwangu! Silas nusura aangushe chai. Madam, umekalia mali hii siku zote? Ijumaa uje utusomee.

Sijawahi kuisoma. Nimeitunza tu kwa sababu ya marehemu baba.

Jumatano, 16 Julai

Sahro na mwenzake Rukiyo wamenikimbilia getini. Malim, kumbe historia ni wewe mwenyewe! Tulikumiss, wallahi. Nimetembea hadi nyumbani Galbet sihisi jua.

Silas ni mtu mwema, ndiyo shida. Angekuwa mbaya ningemchukia kwa raha.

Alhamisi, 17 Julai

Nimeifungua barua baada ya Alasiri. Karani aliipiga taipu, Kiswahili safi. "Tuhesabiwe pamoja na Wahindi. Naomba wanangu waingie shule yao, wasikalishwe na Waafrika, watu wasio na dini wala adabu."

Nimesoma mara tatu. Watu hao, yaani Silas. Yaani mama yake Silas.

Nimempigia shangazi Ebla, Wajir. Akacheka mpaka akakohoa. Ulidhani babu yako malaika? Wahindi walimkataa, yeye akakataa shule ya Waafrika, babako akapewa fimbo akachunge. Basi.

Ndiyo maana fomu zangu zote za shule baba alizitia dole gumba, hakujua kuandika. Na mimi nilidhani ni umaskini tu.

Naweza kuuruka ule mstari. Nani atajua? Allah atajua. Nikiusoma, wasichana watanitazamaje? Na Silas je?

Ijumaa, 18 Julai

Niko darasani. Wanadhani naandika nukuu za somo! Silas ameniachia meza yake, amekwenda kukaa benchi la nyuma. "Leo mimi mwanafunzi," amesema, wakapiga makofi. Wamenipigia na mimi, hata zaidi. Ya Rabbi, utamu wake!

Ule mstari nimeukunja kwa ndani. Nimesema subirini, naweka mambo sawa.

Sahro amekuja mbele. Malim, miwani huna leo, lete nikusomee, kwa sauti, wote wasikie. Silas kule nyuma, tabasamu lote: mpe tu, Madam.

Karatasi iko chini ya kiganja changu. Sahro ameshika ncha. Anavuta polepole, kwa adabu, na lile kunjo linaanza kufunguka