Ukuta Unaongoja Mikono Minne

Jumanne. Mawingu mazito yamelala juu ya Kamina tangu asubuhi. Mvua ilikawia kuanguka, nami niliomba ikawie zaidi.

Nilikwenda katika shule moja ya msingi kuandika habari njema. Mkurugenzi wao wa zamani aliamua kila kitu peke yake, mpaka walimu wakamchoka. Alipoondoka, wanne waliobaki walipatana kuongoza pamoja: hakuna neno linalopita bila mikono minne kuinuliwa. Nimeripoti mengi mabaya. Hili lilinipendeza.

Kisha nikaona ukuta wa darasa la tatu. Ni wa matofali ya udongo, na mvua zimeula chini. Ufa wake unameza kiganja changu chote. Watoto walikuwa wamekaa chini yake, wanasoma kwa sauti.

Mwalimu wao, Mama Béatrice, aliomba asubuhi darasa lifungwe. Mikono mitatu iliinuka. Wa nne, Mwalimu Ilunga, yuko msibani Kabongo na simu yake haipatikani.

Mitatu si minne.

Wakati wa mapumziko Mama Béatrice aliwaambia wenzake kwamba anawatoa watoto nje bila kungoja, "Minyi nabatosha batoto inje. Ilunga akuje atukute kule."

Mwalimu Kasongo akasimama wima kama askari mbele ya bendera. "Eh! Patron mupya anafika! Bonjour, patron! Tukuletee kiti?"

Wengine tulicheka, hata mimi. Lakini "patron", yaani bosi, ndilo jina walilomwita mkurugenzi yule, na katika shule ile hakuna tusi linalolizidi. Kasongo alikuwa akitania tu. Mkono wake ulikuwa miongoni mwa ile mitatu. Mama Béatrice hakucheka. Kengele ilipolia, alirudi ndani na watoto.

Nilimfuata mlangoni. Akasema kwa sauti ya chini, "Papa journaliste, weye hauko mwalimu wa hapa. Ubaambie batoke."

Nilimjibu kwamba kazi yangu ni kuandika.

Jibu sahihi. Nimelitoa mahali pengi.

Jioni hii mvua imeanza kupiga bati. Nimempigia Ilunga; bado hapatikani. Huenda ukuta ukaanguka usiku, darasa likiwa tupu. Huenda pia ukangoja watoto.

Kesho nitasimama mlangoni pale kabla ya kengele. Sina haki ya kumwamuru hata mtoto mmoja wa shule ile.

Nitawaamuru.