Jani Lisilonukia

Shigeo, leo nimekaribia kuwaua wenzetu wote wa mchezo wa shogi. Usicheke!

Walikuja kwangu kula samaki mbichi mchana. Mke wangu Mitsue akanituma uani nikachume majani ya shiso ya kulia samaki. Mvua inanyesha, nikachuma mbiombio, nikaweka jani kwenye kila sahani.

Bibi Fusae akalifikicha lake, akanusa. “We Katsuji, mbona shiso yako hainukii?”

Nikanusa langu. Shigeo, halinukii hata kidogo! Shiso ukiifikicha tu, nyumba nzima inajua. Nilikuwa nimechuma ajisai, lile ua la buluu la kando ya uzio. SUMU ile!

Nikapiga kelele, “Temeni! Ni sumu!”

Wakacheka. WAKACHEKA, Shigeo! Mzee Tokuzo akasema, “Juzi dubu alikuwa anaoga bafuni kwako, leo sumu.” Akaviringisha samaki kwenye jani, akatafuna huku ananikodolea macho. Akachukua na la jirani yake, akalila!

Nikapiga magoti, paji la uso mkekani. “Dubu nilimtunga! Na yule kambare wa mita mbili nilimtunga! Hili ni kweli, jamani!”

Hapo ndipo wakaweka vijiti vya kulia chini.

Sasa tuko hospitali. Tokuzo anatapika, hawezi hata kusema. Daktari kaniuliza amekula majani mangapi. Nimesema mawili. Nimeapa mawili!

Daktari, ambaye ni mwenyeji wa hapa hapa kwetu na anazijua hadithi zangu, akamgeukia Mitsue. “Mama, unasemaje?”

Mitsue akanitazama weee. Kisha akasema, “Leo mwamini.”