Kengele ya Stesheni ya Kirembwe

Kampala,
Jumatatu asubuhi.

Kwako kaka yangu Oduor,

Nakusalimu sana, wewe na wifi yangu, nikitumaini baa yenu ya Ntinda inazidi kujaa. Sisi wa Kyebando ni wazima, ila presha ya mama haijatulia, na kila Jumapili anauliza kama umepiga simu. Namdanganya kwamba umepiga.

Tangu nitoke kwako juzi naiwaza stesheni yetu. Tulizaliwa nyumba za reli pale Kirembwe, baba akiwa stesheni masta, magunia ya pamba na kahawa yamepangwa hadi mlangoni. Kabla treni haijaondoka baba aligonga kile kipande cha reli kilichoning'inia barazani, kengele yetu, na mama akajua saa ya kuinjika ugali. Treni zikapungua, zikakoma. Wakubwa wakaahidi zitarudi. Waliokuja ni mbuzi, wakalala ofisini kwa baba. Yeye akabaki hapohapo hata baada ya kustaafu, akawa anaigonga kengele ile mtu anapofariki, ili kijiji kizima kije kuzika.

Unakumbuka ilivyoibwa. Watu walisema mzee ameiuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, maana ndiye aliyelala pale. Hawakumpiga, waliacha tu kumsalimu. Yeye aliwajibu neno moja: "Mwanangu Oduor akija atawaambia kama mimi ni mwizi." Ukaja, ukanywa chai, ukaondoka. Alipofariki hapakuwa na cha kugonga. Tulimzika sisi na mchungaji, na aliyelia kuliko wote ni wewe, ukiwalaani wezi.

Basi Jumamosi, uliponialika kuiona baa, ukagonga chuma kuwatangazia wateja bia ya bure, niligeuka. Sauti ile naijua. Nikasogea, nikaiona rangi nyekundu niliyoipaka utotoni hadi baba akanichapa. Nawe ukawaambia wageni, kwa majigambo, kwamba ni kitu cha kale ulichokitoa mwenyewe kwenye stesheni iliyokufa. Haya huna, Oduor. Stesheni hiyo iliyokufa baba alikuwa akiishi ndani yake. Kweli kikulacho ki nguoni mwako.

Nilinyamaza kwa ajili ya wifi. Leo nimekuja na jirani yangu Kakule, askari wako akanifungulia kwa kuwa mimi ni dada yako, na kengele tumeishusha. Barua hii naiandikia kwenye kaunta yako. Nikimaliza nitaitundika kwenye kulabu ilipokuwa kengele.

Jumapili baada ya ibada mama ataigonga kule Kirembwe, baba apate kuliliwa na watu kama wenzake. Lazima watauliza ilikuwa wapi siku zote hizi. Mimi sitakutaja kwa ubaya. Nitawajibu kama alivyowajibu baba: Oduor akija atawaambia.

Wabusu watoto. Mama bado hajui lolote, naye anakusalimu kwa upendo mwingi.

Ni mimi dada yako,
Phelister