Mama Amekupigia Mwenyewe

Thrissur

Dada Vilasini,

Mdogo wako nina bahati hadi majirani wananionea kijicho! Ile kompyuta yetu ilipokufa, nilishinda nyingine mpya kwenye bahati nasibu. Basi achana na hizo zamu za ziada Muscat za kutununulia nyingine. Panda ndege, uje tule sikukuu ya Onam na Mama.

Tumeiwekea mfumo wa kuiendesha wa bure, ule wanaosomea watoto shuleni. Aliyetusaidia ni jirani yetu, Mwalimu Thankam. Dada, mimi nimetembea dunia mpaka Bombay, lakini mwanamke kama yule sijaona! Alimwuliza Mama kwanza, "Kompyuta unaitakia nini?"

"Kumwona Vilasini wangu. Na karata."

Akauweka mfumo, kisha akaikalia mikono yake mwenyewe, Mama abonyeze.

"Mwalimu, si umbonyezee tu?" nikasema.

"Sugunan, dosa uliyotafuniwa ina utamu gani? Hebu nyamaza."

Mama akakosea, akaitukana kompyuta na ukoo wake, akabonyeza tena. Ijumaa ile ulipomwona analia ukadhani kuna msiba, kumbe amekupigia mwenyewe, kwa mara ya kwanza maishani.

Sasa Mama amesimama nyuma yangu, anasema atanichapa nikiituma barua hii hivi hivi. Haya. Niliogopa ukisikia ni ile kuukuu hutaamini kwamba inafanya kazi, utabaki huko kazini. Sikushinda chochote, dada. Ni kompyuta ile ile uliyotuletea; mfumo wa Mwalimu ndio ulioifufua.

Mdogo wako,
Sugunan