Rambirambi Kutoka Ofisini Kwangu

Nyumbani, sebuleni,
Jumapili, baada ya chakula cha mchana.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Goti linasemaje? Natumaini daktari amekuruhusu kuacha yale magongo, na kwamba humdanganyi kuhusu mazoezi, maana nakufahamu. Shemeji naye hajambo? Mwambie simu yake niliipokea, ila siku ile nilikuwa napokea simu kama karani, "asante, asante sana, tunashukuru," hata sikujua naongea na nani mpaka alipokata. Anisamehe.

Sisi huku tupo. Nakula nikiwekewa chakula, nalala nikizimiwa taa. Na usijilaumu kwa kutofika mazikoni. Mtu ametoka kufanyiwa upasuaji, angekuja kwa goti la nani? Wifi yako mwenyewe angekufukuza urudi kitandani.

Nakuandikia hasa kwa ajili ya binti yangu, yule unayemwita Bibi Mdogo. Nitafika huko, nivumilie kidogo.

Uliniuliza kwenye simu najisikiaje, nikakujibu tunamshukuru Mungu. Ukweli, Dada, ni kwamba sijisikii. Unaikumbuka ganzi ya daktari wa meno, ukigusa shavu lako unaona kama umegusa la mtu mwingine? Ndivyo nilivyo, mwili mzima. Sijalia. Watu wananisifu kwamba nimejikaza kiume, na mimi nawaacha wanisifu, lakini sijajikaza popote.

Wifi yako alianguka palepale saluni kwake, kitana mkononi, mteja akiwa amesukwa nusu kichwa. Walisema ni presha. Yule mteja alikuja msibani amejifunga kitambaa, akaniomba radhi kana kwamba yeye ndiye aliyemuua. Nikampa mkono, nikamwambia mji mzima uko pamoja naye katika kipindi hiki kigumu. Ndiyo, nilisema hivyo! Yeye kaja kunipa pole, mimi nampa pole ya meya.

Saluni tumeifunga. Nilikwenda kuchukua funguo nikakuta miwani yake inaning'inia pembeni ya kioo, na kwenye ubao nyuma ya mlango ameandika kwa chaki: "Bomba la karibu na shule linavuja tena. Nimwambie Kipaza." Wateja walikuwa wanampa yeye kero zote za mji, naye ananiletea mezani pamoja na chakula, halafu mimi ndiye naonekana kiongozi mwenye macho kila kona. Kipaza ni mimi. Sijui kama aliwahi kukwambia. Siku moja nilihutubia sokoni kwa kipaza sauti, nikarudi nyumbani nikaomba chumvi kwa sauti ileile, basi jina likanikaa. Hakuna mwingine aliyeniita hivyo. Bomba nimeshatuma mafundi.

Sasa nije kwa Bibi Mdogo. Mazikoni nilisimama nikaongea. Nilisema marehemu alikuwa mama mpambanaji, mchapakazi, mpenda watu, ameacha pengo lisilozibika. Watu wakatikisa vichwa. Binti alinitazama mpaka nikamaliza, na tulipofika nyumbani akaniambia, "Baba, hayohayo uliyasema kwenye mazishi ya mwenyekiti wa soko." Tangu hapo akawa hanisemeshi ila kwa lazima: maji yamekatika, kuna mgeni nje. Na kweli, Dada, niliyasema. Pengo la mwenyekiti nalo lilikuwa halizibiki.

Kisha akaanza kufungasha. Amepata chumba karibu na duka la dawa anakofanya kazi, eti kwa sababu ya usafiri. Usafiri gani, wakati miaka yote anakwenda kwa miguu? Begi lake lilianza chumbani, likaja koridoni, sasa liko mlangoni. Nalipita nikienda ofisini, nataka kusema kitu, na kinachonijia mdomoni ni "tuko pamoja nawe." Najua huyu akitoka kwa hasira hii, hatarudi, atakuwa anakuja kunitembelea kama wanavyonitembelea madiwani. Lakini hata hofu yenyewe nilikuwa naijua tu kichwani, kama mtu anayesoma taarifa.

Sasa sikia kilichotokea. Unajua desturi ya ofisi yangu: kila anayezikwa kwenye makaburi ya mji, familia yake inapata barua ya rambirambi kutoka kwa meya. Niliianzisha mwenyewe. Mwanzoni nilikuwa naziandika kwa mkono. Baadaye zikawa nyingi, tukazichapisha, sahihi yangu ikawa muhuri. Katikati tumeacha mstari wa nukta baada ya maneno "Tutamkumbuka kwa", na hapo sekretari wangu hupiga simu kwa wafiwa, anauliza marehemu alikuwa mtu wa namna gani, anajaza. Wiki ile sekretari alikuwa jikoni kwetu, anabeba chupa za chai kuliko hata ndugu zetu. Aliyeshika meza yake ni mama mmoja wa masjala. Akaona jina limeletwa kutoka idara ya makaburi, akapiga muhuri, akaogopa kupiga simu, na tarishi akaileta hivyohivyo na nukta zake. Basi Alhamisi asubuhi nikapata pole kutoka kwangu mwenyewe.

Bibi Mdogo ndiye aliyeipokea. Niliingia jikoni nikamkuta kainamia meza, mabega yanatikisika. Nikadhani analia, kumbe anacheka! Alicheka mpaka akashika ubavu. Mimi nikasimama na kikombe changu, nangoja nione kama nitacheka. Sikucheka.

Alipotulia akainyoosha ile karatasi kwa kiganja, akaweka kalamu juu yake. "Jaza," akasema. "Ukishindwa, mimi naondoka leo."

Dada, mimi nimeandika hotuba za bajeti. Pale nilikaa mpaka chai ikapoa. Niliandika "upendo," nikasikia anaguna begani kwangu, nikakata. Nikaandika "ucheshi," nikakata mwenyewe kabla hajaguna. Nilikuwa namtafuta mke wangu, napata marehemu tu.

Redio ya juu ya kabati ilikuwa kwenye taarifa ya habari. Wakaweka sauti yangu, nawashukuru wananchi kwa kuwa nami bega kwa bega. Bibi Mdogo akanyoosha mkono akaizima, hata hakutazama. Hivyohivyo, Dada, kwa mkono wa kushoto, kama mama yake! Nikainama nikaandika haraka, mwandiko umepinda: "Tutamkumbuka kwa kunizima redioni kila nilipoanza kuongea, eti anamtaka yule wa nyumbani."

Binti akasoma. Akasoma tena. Kisha akasema, "Hakuwa anazima kila mara, Baba. Ukiwepo ndiyo anazima. Usipokuwepo alikuwa anasogeza kiti na kuongeza sauti, na sote marufuku kuongea mpaka umalize."

Sikulijua hilo. Ningelijuaje? Nilikuwa redioni.

Akaniambia nimsomee ile barua kwa sauti. Nilianza vizuri, "Kwa masikitiko makubwa," ile sehemu ya chapa haina taabu. Nilipofika kwenye mwandiko wangu sauti ikakatika. Si kwamba nililia, usije ukamtangazia Shemeji. Ilikatika tu, nikawa nafungua mdomo hakitoki kitu. Bibi Mdogo akanipokea karatasi, akamalizia kusoma yeye, kisha akaipasha chai moto. Akanimiminia. Nikasikia kikombe kinaniunguza vidole, nikashangaa.

Begi bado liko mlangoni. Sikudanganyi kwamba amelirudisha. Ila tangu Alhamisi halijasogea, na jana niliona ametoa humo koti lake.

Sekretari alikuja karibu kulia, anataka kujiuzulu kwa niaba ya masjala nzima. Nikamwambia asimguse mtu. Ila barua zilizobaki mezani nimezichukua zote, nitapiga simu mwenyewe.

Ombi langu kwako ni moja. Mwandikie Bibi Mdogo. Usimwambie ajikaze, wala usimwambie kazi ya Mungu haina makosa, hayo nimeshamwambia mimi na unaona yalikonifikisha. Mwambie kitu cha mama yake ambacho mimi sikijui. Inaelekea viko vingi. Nami nitaomba anisomee.

Msalimie sana Shemeji, na watoto wote, na yule mjukuu anayelia akiiona picha yangu, mwambie babu yake wa picha hatishi kitu. Mungu akupe goti jipya na akuachie moyo wako uleule wa zamani, uje tukae mlangoni sote tuliangalie hili begi.

Wako akupendaye, mdogo wako,

Kipaza

(Niite hivyo ukinijibu, Dada. Hapa ndani hakuna tena wa kuniita.)